Vyuo, acheni kuwashusha watoto wetu kwa mtihani wa nusu saa!

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, skuli ya sekondari, Pemba. Mwaka huu baadhi ya wanafunzi wangu wameingia chuo kimoja huko Unguja, ngazi ya cheti. Sikitaji jina. Wiki ya kwanza tu, hata njia ya kwenda maktaba hawajaijua, wakaingizwa chumba cha kompyuta wakapewa mtihani wa kusoma Kiingereza wa nusu saa. Hakuna aliyeambiwa mapema, hakuna aliyeoneshwa mfano. Matokeo yakabandikwa ukutani kwa majina. Waliokuwa chini ya alama fulani wakaambiwa hawaanzi Stadi za Mawasiliano pamoja na wenzao. Kwanza wakae muhula mzima kwenye kozi ya awali ya usomaji, walipe ada yake mbali, na kozi yenyewe haihesabiwi kwenye cheti.

Muhula mzima! Mzazi wa Micheweni huku Pemba anasubiri msimu wa karafuu ndo apate cha kumlipia mwanawe chakula na dakhalia, leo anaambiwa aongeze ada ya kitu ambacho hata kwenye fomu ya kujiunga hakikuandikwa.

Mmoja wa hao waliowekwa chini nimemfundisha tangu kidato cha kwanza. Kiingereza cha kidato cha nne ana B. Ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake vitabu vya baiolojia na kuwafafanulia, kwa sababu mwalimu wa somo hilo hatukuwa naye. Nilipompigia simu akaniambia: "Mwalimu, ile saa juu ya skrini ilikuwa inapungua, mie nikawa naitazama saa kuliko maneno." Hajawahi kufanya mtihani wa kompyuta maishani mwake. Alishuka bandarini Malindi, Unguja, jioni, asubuhi yake kakalishwa pale. Sasa mlichokipima ni kusoma, au ni kushika kipanya?

Na hivyo vifungu vyenyewe! Kimoja kinahusu kuteleza kwenye theluji, chengine treni za chini ya ardhi. Anayefundisha kusoma anajua kwamba mtu haelewi kwa macho tu, anaelewa kwa yale anayoyajua tayari. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie huko Marekani waliwapa wanafunzi wa skuli habari ya mchezo wa besiboli. Waliohesabika wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo, walielewa zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Basi mpeni mtoto wa Pemba kifungu kinachohusu uchumaji wa karafuu, kuanika juu ya majamvi, kutenga makonyo, kwa Kiingereza hicho hicho, halafu mje mniambie nani hajui kusoma.

Linaloniudhi zaidi ya yote ni kuwa alama moja haisemi mtoto ana tatizo gani. Nina mwanafunzi anayekwama kwenye neno lenyewe, anasoma silabi kwa silabi. Nina mwengine anayesoma mbio na sauti nzuri lakini msamiati wa Kiingereza hana, na ukimpa habari hiyo hiyo kwa Kiswahili anakuchambulia mpaka unashangaa. Yupo na yule asiyekuwa na tatizo lolote isipokuwa woga na kompyuta ngeni. Watatu hawa wanahitaji vitu vitatu tofauti kabisa. Chuo kimewakusanya chumba kimoja, kikawapa jina moja. Ni sawa na daktari kuwapima joto wagonjwa wote wa foleni, kisha akawapa dawa ya malaria kila mwenye homa.

Matokeo ya kidato cha nne mnayo! Yamo kwenye faili, ndiyo mliyoyatumia kuwapokea. Miaka minne ya masomo karibu yote kwa Kiingereza, na mitihani ya taifa iliyosahihishwa na watu wasiomjua mtoto, vyote hivyo vinafutwa na nusu saa ya kubofya vijibu?

Kuna atakayesema ndivyo wafanyavyo walioendelea. Huko Marekani kwenye vyuo vyao vya jamii (vyuo vya umma vya miaka miwili) mitihani ya namna hii ilitawala miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, akina Judith Scott-Clayton, walipopitia rekodi waligundua kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu kwenye Kiingereza alikuwa amewekwa mahali pasipomfaa kabisa, na kwamba matokeo ya sekondari yangepunguza makosa hayo. Kampuni ya mitihani ya ACT ikauondoa mtihani wake wa namna hii, Compass, mwaka 2016. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2017, vyuo vya jamii vikatakiwa viangalie rekodi ya sekondari, na visimrudishe mwanafunzi kozi za chini bila ushahidi kuwa atashindwa huko juu. Wao wanakitupa, sisi tunakiokota na kukilipisha ada.

Sikatai kwamba wapo wanaohitaji msaada. Wapo, tena wengi, na sisi walimu wa sekondari tuna lawama yetu. Lakini msaada si kumsimamisha mtu mlangoni. Kule kwenye chuo cha jamii cha Baltimore County, jimbo la Maryland, Marekani, tangu 2007 wana utaratibu ambao mwanafunzi aliyeonekana dhaifu anaingia kozi ya kawaida ya Kiingereza pamoja na wenzake, na baada ya kipindi anabaki na mwalimu yule yule kwenye kikundi kidogo, wanarudia yale yale ya darasani. Hapotezi muhula. Kinachotakiwa ni mwalimu mwenye moyo na chumba kilicho wazi, na vyote viwili huko Unguja vipo.

Na mkitaka kumjua msomaji, mkalisheni peke yake dakika kumi. Mpeni ukurasa wa kitabu kile kile atakachokisoma muhula huu, asome kwa sauti, kisha akuelezeni alichokielewa, kwa Kiingereza akiweza, kwa Kiswahili asipoweza. Mtajua amekwama wapi. Kazi hiyo naifanya kila Januari na darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini, kwa hiyo msiniambie wanafunzi ni wengi.

Waheshimiwa wakuu wa vyuo na wakufunzi mliomo humu, nijibuni hapa hapa. Ile alama ya kukata aliiweka nani, na kwa ushahidi upi? Kwa nini mtoto hana pa kukatia rufaa wala haoneshwi alichokosea? Ile ada ya kozi ya awali iliidhinishwa na nani? Na majina ukutani yatolewe leo, si kesho.

Wazazi na wanafunzi mliopitishwa kwenye jambo hili, andikeni kozi gani, mlilipishwa nini na mliambiwa nini. Majina ya watoto msiyaweke. Naandika barua ya kupeleka chuoni na wizarani, na nataka iende na visa vingi, sio cha mwanafunzi wangu peke yake.