Naomba ushauri: zoolojia na ikolojia, au nifuate uuguzi kama nyumbani wanavyotaka?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Moshi, nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nyumbani wanataka uuguzi, eti ajira ipo. Mimi moyo uko kwa viumbe wazima na mazingira yao, si kukodolea seli kwenye hadubini mwaka mzima.

Chuo cha Mweka kiko hapo juu tu, kipo tangu 1963, ila nakiona kimeegemea zaidi usimamizi wa wanyamapori. Mimi nataka sayansi yenyewe: kwa nini ukipanda Kilimanjaro unaacha migomba, unaingia msitu, kisha vichaka vya baridi, mwishowe mawe matupu, nani anamla nani, nani anachavusha nini. (Mama anasema hayo nitayaona bila kulipa ada.)

Mliosoma zoolojia, botania au ikolojia UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), au wanyamapori SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo): kwenda porini kupo kweli, au ni slaidi tu? Takwimu zinatesa kiasi gani? Na kwa walioanzia usaidizi wa utafiti, labda TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori hapo Arusha, mlipataje nafasi bila kujuana na mtu? Majibu ya ukweli tafadhali, hata kama yanauma. Baba anayasubiri kuliko mimi.