Naomba ushauri: joto "linapanda" naliandikaje kwa Kiingereza?

Wadau habarini, naandika ripoti ya hali ya hewa kwa Kiingereza na nimekwama kwenye kitu kinaonekana kidogo tu. Niliandika "the temperature is getting hotter", jamaa yangu akanirudishia anasema temperature ni kipimo, inakuwa high au low, kinachokuwa hot ni hewa au siku yenyewe, sawa nikakubali. Sasa balaa liko kwenye rise na raise, najua rise ni kitu kinapanda chenyewe na raise lazima awepo wa kukipandisha, kwa hiyo gesi chafu zikipandisha joto la dunia ndo naweka raise si ndio?

Halafu "rose by 30 degrees" na "rose to 30 degrees", ya kwanza zimeongezeka nyuzi 30, ya pili imefikia 30, yaani nilikosea kaneno kamoja tu nikaunguza dunia nzima 😂

Kingine, ongezeko la nyuzi 1.5 za Selsiasi kigeuzi kimenipa 34.7 za Farenhaiti wakati ongezeko ni 2.7 tu, ile 32 inayojumlishwa ukigeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti haijumlishwi kwenye ongezeko. Hii naielezaje kwa sentensi moja msomaji asichanganyikiwe? Na kama bado linapanda mpaka leo ni "has risen" au "rose"? Mwenye uzoefu anisaidie, kesho nawasilisha.