Kikundi cha wazee wenye presha na kisukari: kinasaidia kweli au ni gumzo tu?

mjumbe_shina
Habari zenu wakuu. Mtaani kuna wazee kama ishirini wenye presha, na baadhi wana kisukari juu yake. Wengi wanaishi peke yao au na wajukuu. Dawa wanameza wakijisikia vibaya, wakipata nafuu wanaacha. Mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanataka tuanzishe kikundi: kukutana mara moja kwa mwezi, kupima, kuongea, na kuweka akiba kidogo. Naomba wenye uelewa wanijibu. Kuna ushahidi kwamba watu kuwa karibu kunabadilisha afya, au tutakunywa chai tu? Na akiba ichanganywe na matibabu au tuiache kando?

namba_hazidanganyi
Ushahidi upo mkuu, ila usome kwa makini. Utafiti unaotajwa sana ni wa kaunti ya Alameda, California, Marekani. Watu karibu 7,000 walifuatiliwa kwa miaka 9 kuanzia 1965, matokeo yakachapishwa na Berkman na Syme mwaka 1979. Wale wasio na ndoa, ndugu wa karibu, marafiki wala jumuiya ya dini walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wenye watu wengi, na uhusiano huo ulibaki hata baada ya kuhesabu sigara, pombe na unene. Mwaka 2010 Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, na picha ikawa ileile.

Shida ni kwamba tafiti hizo zinaangalia tu. Mtu anayeumwa huacha kutoka nyumbani, kwa hiyo upweke mwingine ni matokeo ya ugonjwa, siyo chanzo chake. Na uhusiano uliopimwa pale ni wa miaka mingi, siyo wa kikundi kilichoitishwa kwa barua ya mwenyekiti.

Kilicho karibu na swali lako ni utafiti wa magharibi mwa Kenya uliotoka 2021. Wagonjwa wa presha na kisukari waligawanywa makundi manne: kliniki ya kawaida, kliniki ya kikundi, kliniki ya kawaida pamoja na akiba na mikopo, na kliniki ya kikundi pamoja na akiba na mikopo. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ya presha ilishuka kwa karibu 16 kwa waliopata kikundi na akiba kwa pamoja, na karibu 11 kwa wa kliniki ya kawaida. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kutangaza ushindi kitakwimu, yaani huenda ni bahati tu. Kwa hiyo kikundi ni nyongeza juu ya dawa, na nyongeza yenyewe ni ya wastani. Atakayekuambia kikundi kinatibu presha, mkimbie.

nesi_kliniki_ya_presha
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi naongeza namna ya kufanya, maana vikundi vingi hufia hapo.

Faida kubwa ya kikundi ni mtu kutafutwa anapokosekana, mazungumzo ni ziada. Wapangeni wawili wawili, watu wanaoweza kufikiana kwa miguu. Asiyeonekana siku ya kikao, mwenzake anamfikia siku hiyohiyo au kesho yake, na swali lisiwe "mbona hukuja?" bali "tuone dawa zako". Hesabu ni rahisi: kama alipewa vidonge 30 vya kimoja kwa siku na leo kameza cha siku ya 20, vibaki 10. Vikibaki 18, siku 8 zimeruka. Muulize kwa upole sababu. Mara nyingi ni nauli, miguu kuvimba kwa sababu ya amlodipini (dawa ya presha), au kaambiwa dawa za presha zikizoeleka haziachiki. Kila sababu ina suluhisho lake, na mwenye shida ya miguu arudi kliniki, asijiachishe dawa mwenyewe.

Kupima kwenyewe kuna mtego. Watu wakikutana wanapiga soga, na kuongea kunapandisha presha. Meza ya kupimia iwe pembeni. Mtu akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekojoa, na nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda ukae kwenye ngozi, siyo juu ya shati. Mkanda wa kawaida unatosha mkono wa mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Kwa akina mama wenye mikono minene tafuteni mkubwa, la sivyo mashine itatoa namba ya uongo iliyo juu. Pimeni mara mbili, mkipisha dakika moja, na mwandike kwenye kadi yake. Msitaje namba kwa sauti. Mtu akishasomewa 170 mbele ya majirani, mwezi ujao hamtamwona.

Ikifika 180 juu au 110 chini, apumzike, apimwe tena. Ikibaki hapo aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama ana maumivu ya kifua, kichwa kinagonga vibaya, haoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, ni hospitali sasa hivi, hakuna cha kusubiri.

sanduku_kufuli_tatu
Nazungumzia fedha tu. Hatari ya kuchanganya ni hii: anayedaiwa marejesho hukwepa kikao, na akikwepa kikao amekwepa na mashine. Tayari wazee wengine wanajificha kwa ajili ya kausha damu (mikopo ya riba kubwa), msiwaongezee sehemu nyingine ya kuona aibu.

Mnaweza kuchanganya mkipanga utaratibu. Kupima kwanza, na asiyetaka kuweka akiba ana ruhusa ya kuondoka akishapimwa. Fedha zije mwisho, maana ubishi wa marejesho nao unapandisha presha. Anzeni na mfuko wa jamii peke yake, mchango sawa kwa wote, mdogo kiasi cha kumudu aliye fukara kuliko wote. Hautozwi riba. Kazi yake iandikwe kabla: nauli ya kliniki, na kununua dawa zikikosekana zahanati. Mikopo subirini mzunguko wa pili, mkishajuana.

mjumbe_shina
Shukrani sana. Mawili ya mwisho. Wazee wanataka chai na maandazi, vinginevyo wanasema hicho siyo kikao. Na wapo wanaoazimana dawa.

nesi_kliniki_ya_presha
Chai iwepo, bila sukari, na badala ya maandazi wekeni karanga zisizo na chumvi au kipande cha kiazi kilichochemshwa. Lakini sukari yenyewe iwepo kwenye kopo karibu. Kuna watakaomeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) au kuchoma insulini asubuhi halafu waje bila kula. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, mpeni vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, rudieni baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, kisha ale. Akipoteza fahamu msimwekee kitu mdomoni, mkimbizeni kituoni.

Kuazimana ni marufuku hata kama rangi ya kidonge ni ileile. Kinachomfaa mmoja kinaweza kuharibu figo za mwingine. Aliyeishiwa achukue nauli ya mfuko aende kliniki, na mwenzake wa jozi amsindikize.