Mmeruka wadudu wote kwenye filamu ya Fabre, halafu mnatuambia mlikuwa mnabana muda?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuipamba.

Jumamosi nimepeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili na cha tatu kwenye ukumbi mmoja hapa Dar kuangalia Monsieur Fabre, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1951 iliyoongozwa na Henri Diamant-Berger, Pierre Fresnay akiigiza kama Jean-Henri Fabre, mtafiti wa wadudu wa Kifaransa. Tangazo lilisema filamu nzima, pamoja na maelezo kwa Kiswahili. Wazazi wamechanga kiingilio na nauli, wengine kwa kukopa. Tulichokuta ni mshereheshaji mwenye rimoti mkononi. Kila picha iliposhuka chini kwa wadudu anatangaza "hapa ni wadudu tu, tusonge", anabonyeza, tunarudi kwa watu wa makoti marefu wanaozungumza sebuleni.

Naomba mtu anieleze: ukiondoa wadudu kwenye maisha ya Fabre, unabaki na nini? Unabaki na mwalimu wa Avignon mwenye familia kubwa na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Walimu wa hivyo tunao kila wilaya. Kilichofanya huyu atengenezewe filamu ni kulala kifudifudi juani akimfuatilia nyigu mmoja hadi aelewe anachokifanya.

Na hilo la nyigu ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu darasani nilikuwa nimeshawaandaa. Kuna nyigu wa jamii ya Cerceris ambaye hufukua shimo ardhini na kulijaza wadudu wengine, chakula cha watoto wake. Daktari mmoja, Léon Dufour, alishangaa kuona wadudu hao hawaozi hata siku zikipita. Akaamini nyigu anawachoma dawa ya kuzuia kuoza. Fabre alipoisoma habari hiyo hakuridhika. Akatoka kwenda kuchimba, akagundua kwamba wale wadudu hawajafa. Wako hai ila wamepooza. Ili aone pigo lenyewe, alimpokonya nyigu windo lake na kumwekea mbele jingine lililo hai. Nyigu akalikamata, akaingiza mwiba pale pale penye mafundo ya neva yanayoendesha miguu. Windo likaacha kutembea, nyama ikabaki mbichi. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1855, na mwaka uliofuata Taasisi ya Ufaransa ikampa tuzo.

Wanafunzi wangu wanawajua nyigu wa udongo wanaojenga vijumba kwenye kuta za madarasa yetu. Wameshavibomoa wakakuta buibui wamelundikwa ndani, wamelegea. Fabre aliwachunguza ndugu za hao hao huko kwao. Nilitaka watoto waone kwamba kuna mtu mzima aliyekaa miaka mingi akiliuliza swali wanalolikanyaga kila asubuhi. Badala yake wamefundishwa kwamba mdudu akitokea, unabonyeza kitufe.

Maelezo ya mshereheshaji nayo yalikuwa aibu. Amewaambia watoto kwamba Fabre alikuwa mwanafunzi wa Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi. Si kweli hata kidogo. Darwin alimsifu kwa jicho lake la kuchunguza na waliandikiana barua, lakini Fabre aliikataa nadharia ya mageuzi hadi anakufa, na kwa hilo mimi simtetei. Mshereheshaji akasema pia kwamba Fabre alikuwa tajiri mwenye shamba kubwa na muda wa kuchezea. Tajiri gani? Alitumia miaka mingi kutafuta rangi nyekundu kutoka kwenye mizizi ya mmea uitwao garance akitumaini kutoka kwenye umaskini, Wajerumani wakaja na rangi hiyo hiyo ya viwandani na biashara ikafa. Mwaka 1870, baada ya kuandamwa kwa sababu aliwafundisha wasichana jinsi maua yanavyochavushwa, alifukuzwa na wenye nyumba aliyopanga. Aliyemkopesha faranga 3,000, bila hata kumwandikisha karatasi, ni John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza. Hilo "shamba kubwa", Harmas kule Sérignan, alilipata mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 55. Ardhi ya mawe na mibaruti isiyolimika, na aliipenda kwa sababu nyigu na nyuki waliipenda.

Alikuwa na mtoto, Jules, aliyekuwa akitoka naye kutafuta wadudu. Alifariki mwaka 1877 akiwa na miaka 16. Baba yake akawapa nyigu watatu jina la mwanawe. Kwa mtu huyu wadudu walikuwa pia mahali pa kuweka msiba wake, na ninyi mnasema "wadudu tu".

Baada ya onyesho nilimfuata mhusika, nikamuuliza kwa heshima. Jibu: "Mwalimu, watoto wanachoshwa na vitu hivyo, tulibana muda ili kuwe na burudani." Watoto gani? Wangu ndio waliopiga kelele "rudisha, rudisha". Tukiwa njiani kurudi niliwasimulia habari ya nondo jike aliyetoka kwenye kifukofuko asubuhi nyumbani kwa Fabre, na usiku ule ule madume wapatao arobaini wakavamia nyumba kumfuata gizani. Nikawaeleza pia viwavi wa misonobari aliowaacha kwenye ukingo wa chungu cha maua, wakazunguka wakifuatana kwa siku saba. Daladala nzima ilinyamaza kusikiliza, kondakta akaniuliza mwisho wao ulikuwaje.

Kwa hiyo msinitwishe hadithi ya watoto kuchoka. Aliyechoka ni mwenye rimoti, na hakuipitia hiyo filamu kabla ya kutuuzia tiketi.

Ninachotaka ni hiki. Onyesheni tena filamu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kiingilio, kwa wanafunzi wale wale, na muweke mtu aliyesoma habari za Fabre azungumze au msiweke mtu kabisa. Kama hamuwezi, rudisheni hela za wazazi. Orodha ya majina ninayo na stakabadhi ninazo. Barua nimeshaipeleka, wakanigongea muhuri wa kupokelewa, na hadi naandika hapa hakuna aliyenipigia. Kama kuna mwalimu mwingine aliyekuwepo siku ile na shule yake, ajitokeze tuwafuate pamoja. Nikijibiwa nitaleta mrejesho kwenye uzi huu huu.