Je, Wamisri wa kale ndio waliokuwa wa kwanza kuhifadhi maiti?

Mwalimu wa Historia, Tanga:

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Ninafundisha kidato cha kwanza, na wiki iliyopita tulifika Misri ya kale. Niliwaeleza wanafunzi jinsi maiti ilivyotolewa matumbo, ikafukiwa katika magadi mpaka ikakauka, kisha ikaviringishwa vitambaa vya kitani, kazi ambayo pamoja na ibada zake ilichukua siku 70. Mwanafunzi mmoja akauliza kama wako watu waliofanya hivyo kabla ya Wamisri. Nilimjibu kwamba sidhani, lakini tangu siku hiyo jibu langu halinipi raha, na ningependa kumrudia nikiwa na jambo la hakika.

Msomaji wa Mambo ya Kale:

Mwalimu, wako waliotangulia. Ni Wachinchorro, wavuvi walioishi kando ya bahari katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile na kusini mwa Peru. Walianza kuhifadhi maiti zao yapata miaka 7,000 iliyopita, zamani sana kabla hajatawala firauni yeyote.

Kazi yao ilikuwa ngumu kuliko tunavyoweza kudhani kwa watu waliotumia zana za mawe na mifupa. Katika mumia zao (yaani maiti zilizohifadhiwa) za mwanzo, zinazoitwa nyeusi, waliichuna ngozi, wakaondoa nyama na viungo vya ndani, wakaiimarisha mifupa kwa vijiti, wakaujenga mwili upya kwa udongo uliochanganywa na majivu, kisha wakairudisha ngozi mahali pake. Ilipopungua, waliweza kuijazia kwa ngozi ya simba bahari. Kichwani waliweka nywele za binadamu, usoni kinyago cha udongo, na mwili mzima wakaupaka rangi nyeusi ya madini ya manganizi. Baadaye, kuanzia kama mwaka 2500 KK, waliacha kuutenganisha mwili, wakawa wanauchanja, wanautoa matumbo, wanaujaza, na kuupaka rangi nyekundu ya ngeu.

Ninaloomba umweleze mwanafunzi wako hasa ni hili: watu hawa hawakuwa na mfalme. Waliwahifadhi wazee, watoto wachanga, na hata mimba zilizoharibika, kwa uangalifu uleule. Mtafiti Bernardo Arriaza wa Chile amependekeza kwamba chanzo huenda kilikuwa maji yenyewe, kwa sababu mto Camarones una sumu ya aseniki inayofikia takriban mara 100 ya kiwango kinachokubaliwa leo, na sumu hiyo huharibu mimba na kuua watoto. Hiyo ni rai yake tu, lakini nikiutazama uso mdogo wa udongo uliofinyangwa juu ya fuvu la mtoto, naona mzazi ambaye hakuwa tayari kuachana na mwanawe.

Daktari Kijana, Mombasa:

Naomba kuongeza kwamba jangwa ndilo lililokuwa mwalimu wa kwanza wa pande zote mbili. Maiti huoza kwa sababu bakteria huila, na bakteria hawawezi kufanya kazi pasipo maji. Mwili uliozikwa katika mchanga mkavu hupoteza unyevu upesi kuliko wanavyoweza kuula. Ndivyo walivyokauka watu wa Atacama waliozikwa bila kufanyiwa lolote, na ndivyo walivyokauka Wamisri wa zamani zaidi, waliolazwa mchangani bila jeneza.

Baridi kali nayo huhifadhi. Ötzi, mtu wa kale ambaye maiti yake ilionekana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na bado ncha ya mshale uliomuua imo begani mwake. Ajabu zaidi kwangu ni kinamasi: yule mtu wa Tollund aliyefukuliwa Denmark mwaka 1950 alikuwa amelala ndani ya maji kwa zaidi ya miaka 2,000, lakini kwa kuwa maji yale yana asidi na hayana oksijeni, ngozi yake iligeuka kama iliyodabaghiwa, na hata mabua ya ndevu kidevuni yanaonekana.

Mwalimu wa Historia, Tanga:

Nawashukuru sana. Nina moja tu lililobaki: je, neno hili mumia lina udugu na mumiani tuliyotishwa nayo utotoni?

Mzee wa Pwani:

Ni neno lilelile, mwanangu. Mumiya kwa Kiajemi na Kiarabu ilikuwa lami itokayo milimani, dawa ya mifupa iliyovunjika. Maiti za Misri zilikuwa nyeusi kwa utomvu, zikadhaniwa zimepakwa lami hiyo, na jina likahamia kwao. Ulaya kwa karne kadhaa walizisaga na kuziuza madukani kama dawa. Kwetu mumiani ilikuwa kitu cheusi mfano wa gundi, kikisemekana kimetoka Uajemi, kikipakwa au kuyeyushwa katika samli na kunywewa. Wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyogandishwa, na katika enzi ya ukoloni wazima moto ndio waliotuhumiwa kuwakamata watu usiku.

Msomaji wa Mambo ya Kale:

Ahsante, mzee; sikuwa nimelijua hilo la samli. Mwalimu, umwambie pia mwanafunzi wako kwamba UNESCO iliyaingiza maeneo ya Wachinchorro katika urithi wa dunia mwaka 2021, ila baadhi ya mumia zilizotunzwa makumbusho huko Arica, kaskazini mwa Chile, zimeanza kuharibika, ngozi ikigeuka utelezi mweusi. Wachunguzi walikuta vijidudu vya kawaida, vilevile vinavyoishi juu ya ngozi zetu, ambavyo vilikosa unyevu kwa miaka elfu kadhaa na sasa vimeupata hewani.