Katoni ya Wafula na ulimi wa Anti Conso

*Grupu: FAMILIA YETU NAKS–KITALE–KISUMU*

Wafula: Salamu watu wangu. Kuna jirani hapa Section 58 anahama ameniachia katoni ya novo, vitabu vya hadithi. Nimepiga picha migongo ya vitabu, angalieni. Mwenye anataka aseme mapema kesho naweka parso kwa matatu ya Kitale, zenye zitabaki naachia mama wa vitabu pale steji

Wafula: 📷 Picha

Nekesa: Waaah. Anti Conso yuko wapi, hii ni kazi yake 😂

Anti Conso: Niko dukani napima sukari na nasoma migongo, wacheni kunisukuma

Anti Conso: Haya. Hizo za James Hadley Chase wape vijana. Si mbaya, tulikuwa tunazibadilishana shuleni chini ya dawati, zinakimbia, mtu anauawa kabla hata hujakaa vizuri. Lakini ukishafunga tu hukumbuki nani alikuwa nani, yule blondi wa hiki ndio yule wa kile. Na mnajua huyo mzee alikuwa Mwingereza, hiyo Marekani yake alikuwa anaitoa kwa ramani na kamusi ya slengi? Na inaonekana. Hakuna mtu ananyeshewa huko, hakuna mtu anadaiwa rent, ni wiski na bastola tu

Kevo: Lakini anti akshen iko juu

Anti Conso: Si ndio nimesema upewe

Nekesa: Na hizo za Mills & Boon zenye daktari amekumbatia nesi kwa kava?

Anti Conso: Hizo ni zangu zote mtu asishike

Mama Kevo: Anti!! Na wewe ni wa Mothers Union ya kanisa 🙈

Anti Conso: Na kwani Mothers Union hawalali na taa? Mama Kevo, nikifunga duka nimetoka kubishana na watu wa kukopa sina nguvu ya kufikiria. Nataka kujua kuanzia ukurasa wa kwanza kwamba hawa wawili wataoana, wakosane katikati kidogo kwa sababu ya upuzi, alafu amkimbize hadi uwanja wa ndege. Simdanganyi mtu eti nasoma fasihi

Kukhu (nyanya): 🎤 Ujumbe wa sauti 1:12

Wafula: Kukhu anauliza nani anakuja kubeba mahindi ya kupeleka poshomill, mambo ya vitabu hajaguza

Mama Kevo: Tutakuja Jumamosi kukhu

Otis (Kisumu): Anti habari ya mchana. Naona The River and the Source hapo kando. Hiyo mnaniachia ama tupigane

Anti Conso: Mzuri mkwe wetu. Chukua, mimi ninayo. Sasa hicho nitakuambia ukweli na usikasirike kwa sababu ni ya kwenu. Nusu ya kwanza hakuna mtu Kenya hii ameandika kitu kama hiyo. Akoko amezika mume, amezika watoto, shemeji amekalia kiti cha uchifu anakula mali, na huyo mama hakai chini kulia, anashika njia kwa miguu mpaka Kisumu kumwona DC, mkuu wa wilaya. Mjane wa wakati huo! Nilikuwa nasoma nimesahau sufuria jikoni

Otis (Kisumu): Mimi pale kijana wa Akoko, Owang' Sino, anakufa na mwiba wa samaki nilikaa siku kadhaa nikila ngege kwa woga 😅 mke wangu shahidi

Nekesa: Alikuwa anachambua samaki kama anatafuta sindano

Anti Conso: 😂 Sasa shida ni Akoko akishaenda. Kitabu kinaanza kuharakisha, huyu amezaliwa, huyu amefaulu, huyu ni daktari, huyu ameingia kanisani, kinakuwa kama ule wasifu wa marehemu unasomwa kwa mazishi, kila mjukuu lazima atajwe na digrii yake. Becky peke yake ndiye ananishika huko mwisho, kwa sababu ni mkorofi

Khocha Barasa (mjomba): Consolata. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Commonwealth mwaka wa 1995. Wewe ni nani wa kukikosoa

Anti Conso: Mimi ni mtu alinunua na pesa yake khocha

Wafula: 🔥🔥

Kevo: Na hii ya Bwana Msa ni ya nini

Anti Conso: Mzimu wa Watu wa Kale. Hiyo ni upelelezi wa Unguja, ilitoka 1960. Wewe umezoea akshen utasema imelala, kwa sababu Bwana Msa anavuta kiko tu na kuuliza maswali yenye unaona hayana maana. Vumilia. Mimi napenda upelelezi wenye mtu anakamatwa na ulimi wake mwenyewe. Kitu sipendi ni mwishoni, anaketi anaanza kueleza vile alijua hiki na kile, anaeleza mpaka unataka kumwambia mzee tumeelewa

Anti Conso: Walenisi nayo mpe mwenye anapenda siasa. Mwanzo ni moto, mtu anahukumiwa kifo anarushwa angani anaangukia nchi ingine. Katama Mkangi hakuogopa mtu. Lakini akishafika huko anaanza kuonyeshwa kila kitu vile kinaendeshwa, hakuna mgogoro, ni mafunzo, mimi nilisinzia

Wafula: Sasa ile yetu. Siku Njema

Anti Conso: Hiyo usiweke kwa katoni, funga peke yake na gazeti

Wafula: Anti leo umekosoa kila mtu, na hiyo huna neno? Kijana anatoka Tanga mpaka Kitale kutafuta babake na kila akigeuka anakutana na mtu wa maana kwa stori, hiyo bahati ni ya wapi

Anti Conso: Neno niko nalo. Huyo kijana Kongowea ni mzuri kupita kiasi, kila mtihani anaongoza, na watu anaokutana nao ni shetani ama malaika hakuna wa katikati. Najua. Lakini Wafula nyinyi mmezaliwa mkaikuta. Sisi riwaya ya Kiswahili tulikuwa tunajua ni minazi na bahari na watu wa kanzu, alafu 1996 inatoka hii, na safari yote ya huyo mtoto inakuja kuishia hapa kwetu kwa matope na baridi. Kitale! Nilimpigia kelele mama asikie. Kwa hivyo makosa nayaona, na bado nikifika pale mamake Zainabu anakufa nafunga kitabu natembea nje kwanza. Siku tulisikia Walibora mwenye aliiandika amekufa, Aprili 2020 na korona imefunga kila kitu, sikufungua duka

Nekesa: Nakumbuka 😢 ulituma voice note ya kulia tu

Sharon: Anti na Rosa Mistika nani anachukua? Naomba mimi

Khocha Barasa: Hapana. Hicho hakifai msichana wa Form Four. Tanzania walikipiga marufuku shuleni.

Anti Conso: Walikipiga ndio, na watu wakakisoma zaidi. Khocha umekisoma ama umesikia?

Khocha Barasa: Najua kinahusu nini. Msichana anaharibika.

Anti Conso: Anaharibiwa na nani? Hapo ndipo watu wanaruka. Rosa mwanzoni ni mtoto mtulivu huko Ukerewe, ziwa hili hili la kina Otis lakini upande wa Tanzania. Babake Zakaria, mlevi, mkewe Regina ndiye analisha nyumba, huyo Zakaria anapata barua ya kijana mmoja kwa Rosa na anampiga huyo mtoto kipigo cha kufa. Baada ya hapo anamlinda kama askari. Mtoto anafika chuo cha ualimu hajawahi kufundishwa kuongea na mwanaume, amefundishwa kuogopa tu, sasa siku kamba imekatika unategemea nini? Kezilahabi aliandika hiyo 1971 na hakumwonea mtu huruma, hata Rosa. Anafanya mambo unataka kumchapa wewe mwenyewe na bado unampenda. Hiyo ndiyo novo mimi nataka. Si zile zenye mtoto mwema anateseka, mwovu anapata ajali ukurasa wa mwisho, tunaenda nyumbani

Sharon: Sasa kweli nakitaka

Khocha Barasa: Sharon, wewe rudi kwa vitabu vya mtihani.

Sharon: Sawa khocha 😒

Mama Kevo: Khocha mwachie tu, wako na simu huko wanaona mabaya kuliko hayo

Wafula: Nafunga katoni jameni. Rosa naandika jina la nani?

Khocha Barasa: Andika langu. Nitakisoma kwanza mimi, kisha nitaamua.

Anti Conso: Mpelekee. Lakini khocha uanze mwanzo, usikimbilie kwa chuo kutafuta dhambi, nakujua