Vipande vya sponji ya sofa na magodoro: kwenu vinaishia wapi?

BintiMwanjelwa
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza shahada ya uzamivu ya kemia mwaka jana, sasa naandaa andiko la utafiti wa baada ya uzamivu kuhusu kuchakata upya poliurethani, yaani hii sponji ya magodoro na sofa. Baba alikuwa fundi sofa hapa Mbeya. Mwezi wa saba baridi ikikaza, vipande ndivyo tulivyowashia jiko la mkaa. Moshi wa sponji una gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sianidi ya haidrojeni, na sisi tuliuota kama moto wa kawaida, mdogo wangu nikiwa nimembeba mgongoni anakohoa.

Sponji huwezi kuiyeyusha ukafinyanga upya kama ndoo, minyororo yake imefungamana huku na huku. Mimi nafanya glikolisisi: unaipika na glikoli, aina ya alkoholi nzito, pamoja na kichocheo kwenye nyuzi joto kama 200, vifungo vinakatika, unapata polioli, kimiminika cha kutengenezea sponji nyingine. Maabara nimetumia sponji mpya. Mafundi, ya mtaani ikoje?

FundiMafinga
Marahaba binti. Vipande safi mimi situpi hata kimoja, vyote naingiza kwenye mito. Kazi iko kwenye sponji ya sofa kuukuu: gundi, pini, nyuzi za kitambaa, mkojo wa watoto. Nyingine ukiikata inaacha unga mweupe kwenye kisu. Hiyo hainunuliki, ndiyo inachomwa nyuma ya banda. Ukipima sponji mpya unapima kitu ambacho sisi hatukitupi.

MkemiaUyole
Fundi kasema neno zito. Dada, unga huo huenda ni kalsiamu kaboneti. Kuna viwanda huiongeza ili sponji iwe nzito. Kwenye chungu chako haitayeyuka, itabaki tope, kwa hiyo panga namna ya kuchuja. Na usisahau kemikali ziitwazo amini, nyingine ni sumu. Sponji laini kwa kawaida hutokana na kemikali iitwayo isosianati ya TDI, ukiipika inaweza kukuachia daiamini ya toluini, amini ambayo imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa nini usisage tu vipande, ukavibandika kwa gundi na mvuke? Viwanda vingi duniani hufanya hivyo.

BintiMwanjelwa
Kaka, kusaga nako kunataka sponji safi, na safi fundi ameshaipatia kazi. Yenye mkojo na gundi ndiyo haina mwenyewe, basi nihangaike na hiyo. Amini nitazipima kila nikipika. Polioli yenye sumu sitaki imfikie fundi yeyote.

Baba Fundi, nimefuta ukurasa mzima wa andiko jana usiku. Nakuomba ile ya kuchoma uniwekee, hata kiroba kimoja. Usiioshe wala usitoe pini.

FundiMafinga
Vipo viwili tayari, kimoja ni cha sofa la baa. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, na uje na glavu.